Namna ya Kupigana Vita vya Mataifa Bila Kumwamsha Mama

Kwanza uwe na taifa. Hili ni rahisi kuliko kupata kitambulisho cha NIDA: unaandika jina, unachagua bendera na bara, na kabla chai haijapoa umeshakuwa rais wa maisha. Mchezo ninaoushauri ni Politics and War, ulioanza mwaka 2014, ambamo watu wa dunia nzima hucheza kwa pamoja, kila mmoja na nchi yake. Usitarajie kuona askari wakikimbia kwenye kioo wala kusikia milipuko. Ni kurasa za maandishi na tarakimu, mfano wa daftari la SACCOS lililopambwa kwa bendera. Uzuri wake kwa mtu wa Handeni au Korogwe uko hapo hapo: maandishi hayali bando, na simu ile ile ya kioo kilichopasuka unayopokelea hela za machungwa inatosha kuangusha dola ya Ulaya.

Jina lichague kwa hekima. Wengi huanza na jina la kwao, Himaya ya Manundu au Jamhuri Tukufu ya Chanika, kisha wanapigwa, na kabla ya adhuhuri kijiwe kizima kinajua kwamba Chanika imetekwa na mtu wa Poland. Chukua jina lisilo na ndugu.

Bara nalo lina maneno, kwa sababu ndilo linaloamua una nini ardhini. Afrika ya mchezo huu ina mafuta, boksiti na urani. Chuma haina, makaa ya mawe haina, madini ya risasi haina. Hivyo vyote utanunua kwa walioweka nchi zao mabara mengine, na bila chuma na makaa hakuna feleji, na bila feleji hakuna kifaru wala manowari. Vijana waliowahi kuchimba Magambazi wataudhika zaidi, maana dhahabu haimo kabisa. Kwa kifupi, umekuwa mkuu wa nchi yenye kiini cha bomu la nyuklia na isiyo na nondo. Usilalamike, soko lipo.

Sasa jeshi. Kambi moja hubeba askari 3,000 na kuandikisha 1,000 kwa siku. Karakana ya vifaru hubeba 250 na kutoa 50. Uwanja wa ndege hubeba 15 na kutoa 3. Gati la meli hubeba 5 na kutoa moja. Soma tena hizo tarakimu, kwani vita vyote vimejificha humo. Askari waliokufa wote wanarudi kwa siku tatu. Vifaru, ndege na meli vinataka siku tano. Vita vyenyewe, vikishatangazwa, hudumu siku tano na kufungwa. Maana yake ni kwamba anayevunjiwa jeshi lake siku ya kwanza atatumia vita vyote akijenga upya kile ambacho mwenzake anakibomoa upya, na hakuna hotuba ya kishujaa itakayombadilishia hesabu.

Neno kuhusu manowari. Mchezo haujali kama una bahari au huna. Mtu wa Handeni, mji ambao kwa miaka mingi umesubiri maji ya bomba kuu la Handeni (HTM) kutoka mto Pangani kwa subira ya waja wema, anaweza kumiliki kikosi cha meli za kivita na kuzingira bandari ya taifa lililo bara jingine. Zingira. Ukishinda vizuri majini, adui hawezi kutuma wala kupokea mali hadi kizuizi kivunjwe, na kuna raha ya pekee, ambayo sitaieleza, ya kumkatia mtu njia ya bidhaa ukiwa umekaa juu ya ndoo uliyoipanga foleni.

Jambo la muda ndilo linalowatenganisha wanaume na wavulana, na wasichana wa Korogwe na wote wawili. Seva ya mchezo hufuata saa ya dunia, ile ya Greenwich bila nyongeza. Siku mpya ya mchezo huanza usiku wa manane kwa saa hiyo, ambayo kwetu ni saa 9 za usiku kamili. Wakati huo, kwa taifa linalofuata saa ya seva, kikomo cha kununua jeshi hujifuta na kuanza upya. Kwa hiyo mkongwe hufanya hivi: saa 8 na dakika 50 ananunua askari na vifaru vya siku inayokwisha, anatangaza vita, anapiga, saa 9 na dakika moja ananunua tena vya siku mpya, anapiga tena. Adui aliyelala anaamka na kukuta amekutana na jeshi la siku mbili katika robo saa.

Hapa Mwafrika wa Mashariki anaonewa kidogo. Mwenzetu wa Marekani, saa hiyo kwake ni jioni, ameshakula, miguu iko juu ya kochi. Wewe uko chini ya chandarua. Lakini kila dhiki ina bando lake, na la usiku ndilo la bei nafuu, tena huanza baada ya saa 6. Tatizo linalobaki ni mama. Mwanga wa simu saa 9 usiku hauna maelezo yanayokubalika katika nyumba ya heshima, isipokuwa moja: mwambie unaamkia tahajudi. Atafurahi. Ataeleza majirani. Shida itaanza pale atakapoanza kuamka na wewe, na utalazimika kuswali kwelikweli huku Ulaya ikikusubiri, rakaa zako zitakuwa fupi, naye atasema, "Mwanangu, mbona unakimbia?" Jibu utalitafuta mwenyewe. Kwa waliopanga chumba karibu na stendi ya Korogwe, udhuru ni mwepesi zaidi: tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, mtu kuwa macho saa hizo ni biashara halali. Shika tu beseni la mayai.

Kupiga kwenyewe hakuna ufundi mkubwa. Vita vikianza unakuwa na alama 6 za mashambulizi, na unaongezewa moja kila baada ya saa 2, mwisho 12. Shambulio la nchi kavu hula alama 3, la ndege 4, la meli 4, kombora 8, nyuklia zote 12. Adui ana uvumilivu wa 100. Ukiumaliza, umeshinda na unachukua ngawira. Anayetaka nyuklia lazima akae saa 12 bila kufanya lolote, akikusanya alama na kuvumilia kipigo, jambo linaloonyesha kwa nini silaha hiyo hupendwa na wanaoshindwa. Mwenye ushindi hutumia ndege kwanza, kwani anayetawala anga hupunguza nguvu za vifaru vya mwenzake kwa nusu. Hayo ndiyo yote. Anayekwambia kuna siri zaidi anataka kukuuzia mafunzo.

Tena usidhani utamwonea kila mtu. Huwezi kumvamia aliye chini ya robo tatu ya alama za taifa lako (si zile za mashambulizi), na taifa haliwezi kuvamiwa na zaidi ya watu 3 kwa mpigo, ilhali kwa kawaida wewe unaweza kuvamia 5. Fanya hesabu hiyo uone kwa nini hakuna anayepigana peke yake.

Muungano, basi. Taifa lisilo na muungano ni shamba la mahindi lisilo na mlinzi mwezi wa saba, watapita tu. Miungano huwafuata wageni kwa zawadi: wanakupa fedha za kujenga mji wa pili, chakula, ushauri, na mtu wa kukufundisha ambaye huenda ana miaka kumi na minne. Usione aibu kupokea. Wasambaa wenyewe, kwa masimulizi yao, walimpa ufalme Mbegha, mwindaji aliyetoka Ngulu, baada ya kuwagawia nyama ya nguruwe mwitu na kuwaulia simba. Nyama ilikuja kwanza, kodi ikafuata. Muungano nao utakutoza kodi, na viwango vyake hutasoma hadi siku ya tatu.

Miungano hufungana kwa mikataba, na hapa ndipo mtu wa Tanga anapojikuta yuko nyumbani, kwa sababu mambo haya yanataka kumbukumbu ya nani ni nani kwa nani. Kuna mkataba wa kutoshambuliana tu. Kuna wa kulindana kwa hiari, ambao maana yake ni "tutaona". Kuna wa kulindana kwa lazima. Kuna wa kulindana na kushambulia pamoja. Ukimgusa mdogo mmoja, mlinzi wake anaingia. Mlinzi huyo ana mshirika wake. Mshirika yule ana mkataba na rafiki yako. Na rafiki yako anakuandikia usiku ujumbe mrefu unaoanza na "unajua nakuheshimu sana". Vita vya mataifa mia mbili huanza kwa mtu mmoja aliyeiba chakula cha mtu mmoja.

Sababu ya kuanzisha vita lazima iwepo, na lazima iwe nzuri kuliko ile ya kweli. Ya kweli ni kwamba umechoka na jirani ana mali. Ya kuandika ni kwamba alipeleka majasusi, au alivunja mkataba wa mwaka juzi, au kuna picha ya mazungumzo yake ya faragha akikutukana. Picha hiyo hupatikana siku zote. Iweke wakati vita vinaanza, usiiweke kabla. Ukiwahi, wenye akili wataanza kuihoji.

Nimesikia watu wakisema vijana wetu wameiga mambo haya kutoka nje. Nawaomba radhi, lakini mambo haya yalikuwa Korogwe kabla ya umeme. Mnamo 1862 alifariki Kimweri ye Nyumbai, simba mwene, yaani mfalme, aliyetawala Usambara kutoka Vuga na ambaye wasafiri Burton na Speke walimpandia mlimani Februari 1857. Kiti kikaenda kwa mjukuu wake, Shekulwavu, kijana. Mwana wa Kimweri, Semboja, alikuwa chini tambarare, Mazinde, kata ambayo leo imo wilayani Korogwe. Kwa mila ya Wakilindi, ukoo wa kifalme uliotokana na Mbegha, Vuga ilikuwa kila kitu na Mazinde ilikuwa joto na vumbi. Lakini Mazinde ilikuwa na njia ya misafara. Pembe zilipita hapo, vitambaa vilipita hapo, na bunduki na baruti kutoka pwani zilipita hapo kabla hazijafika mlimani, kama zilifika.

Mwishoni mwa miaka ya 1860 Semboja aliita washirika kutoka nje ya milima, akamfurusha Shekulwavu Vuga. Mtazame sasa kama mchezaji. Aliposhinda, hakupanda kukaa kwenye kiti. Alimkalisha mwanawe, Kimweri Maguvu, huko juu penye heshima na baridi, yeye akabaki Mazinde penye mzigo. Kwa upande wa pili, Shekulwavu alikimbilia mashariki, na Wabondei wakainuka dhidi ya watawala wa Kilindi katika uasi unaojulikana kama kiva. Vita vya kiti kimoja vikazaa vita vya nchi nzima, kila mkuu mdogo na rafiki yake mwenye bunduki, na Shekulwavu alipokufa ndugu zake waliendeleza. Ufalme uliojengwa kwa vizazi ukavunjika vipande, na havikuungana tena kama zamani.

Mkongwe yeyote wa mchezo ataelewa hatua ya Semboja mara moja. Katika kila muungano kuna rais anayetoa hotuba na kuna mtu wa benki. Rais hupinduliwa kila miezi michache. Mtu wa benki huendelea kugawa feleji na baruti kwa anaowapenda, na asiowapenda hugundua katikati ya vita kwamba ombi lao "linashughulikiwa". Ukipewa nafasi ya kuchagua cheo, acha Vuga. Omba Mazinde.

Bahati yetu nyingine ni kwamba vita vile vilipata mwandishi aliyekuwamo. Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy aliishi katika nyumba za wakubwa wa Kilindi, akaandika kitabu cha Habari za Wakilindi kwa Kiswahili, kikachapwa na wamisionari wa Magila kwa sehemu kati ya 1895 na 1907. Kila muungano mzuri una mtu wa namna hiyo, anayeandika nani alimsaliti nani na alisema nini usiku ule. Mtunze mtu huyo, mpe chakula. Miaka mitano ijayo hakuna atakayekumbuka uliangusha vifaru vingapi, lakini aliyeandika atakumbukwa na atakuwa ameandika anavyotaka.

Kuna mahali ambapo mchezo na Mazinde vinaachana, na mwongozo usiolisema hilo utakuwa wa kihuni. Bunduki za bonde la Pangani zililipwa kwa pembe na zililipwa kwa watu. Mateka ndio waliokuwa sarafu. Wazigua wenyewe, ambao kwa bunduki zao waliogopwa hadi mbali, walikuwa wameshaonja upande wa pili: njaa ya miaka ya 1830 ilifanya wengi wao wapakiwe majahazi kwa ahadi na kuuzwa utumwani Somalia. Vizazi vyao viliishi bondeni mwa mto Juba, na Somalia ilipovunjika baada ya 1991 baadhi walirudi Handeni kama wakimbizi, kwanza kambi ya Mkuyu, kisha makazi ya Chogo, wakizungumza Kizigua ambacho wazee wa Handeni walikielewa. Baadaye walipewa uraia wa Tanzania. Kwenye mchezo, raia waliokufa kwa bomu lako hurejea kwenye tarakimu bila kukuuliza chochote. Hilo ndilo linalofanya uwe mchezo, na ndilo linalonifanya niupendekeze badala ya vita vya kweli.

Turudi kwenye ujinga wetu. Hatari kubwa ya vita vya mtandaoni huwa ni uhasibu, kuliko adui. Mfano mashuhuri ni wa EVE Online, mchezo wa Iceland ambao watu hupigana kwa meli za angani. Tarehe 27 Januari 2014 malipo ya kumiliki mfumo mmoja wa nyota uitwao B-R5RB hayakulipwa. Umiliki ukaanguka, wapinzani wakaona, wakaingia, na wenye mali wakarudi kuitetea. Vita vilipita saa 20. Meli kubwa kuliko zote, aina ya Titan, ziliangamia 75, na hasara ikakadiriwa dola 300,000 za Marekani kwa fedha za kweli. Kisa bili. Mtu wa Korogwe anayejua kuamka kwenye giza na kukumbuka kwamba LUKU ilikuwa zamu yake ataona hapo hakuna cha ajabu, ila kiwango tu.

Kwa hiyo kabla ya kutangaza vita hakikisha: simu ina chaji, na pawabenki ya shemeji imeazimwa kwa kisingizio kisichohusu shemeji kuifuata, bando lipo, chakula cha askari kipo, maana askari vitani hula zaidi, na hesabu ya muungano imelipwa. Hakikisha pia husafiri siku hiyo. Safari ya Korogwe kwenda Handeni ni kilomita 65 za lami, na mtandao kwenye basi una tabia zake. Wapo waliopoteza miji wakiwa dirishani wakiangalia mikonge.

Ukipigwa, na utapigwa, usipaniki. Taifa lililoshindwa hugeuzwa rangi ya mchanga, na kwa muda wote likiwa na rangi hiyo hakuna anayeruhusiwa kulivamia. Wenye kiburi huona aibu. Wajanja huulinda muda huo kama likizo: wanajenga jeshi lote upya, bila kugusa mtu, hadi rangi itoke wakiwa wameshiba. Wengine hupigwa kwa makusudi. Mshindi anayejua hili hukuacha na uvumilivu kidogo, hakumalizi, ili usipumzike. Na ukiona adui yako anakuhurumia namna hiyo, jua ameusoma mwongozo mwingine ulio bora kuliko huu.

Amani ikija, itakuja kwa masharti. Ukibahatika ni amani nyeupe: kila mtu arudi kwake, hakuna kulipana. Usipobahatika utadaiwa fidia ya feleji na alumini kwa majuma, na utapangiwa nani usifunge naye mkataba. Lipa polepole. Kwa fidia, polepole ni sera ya mambo ya nje.

Sharti wanalolipenda kuliko yote ni tamko la kukiri kushindwa, lisomwe na wote. Hapa usibishane hata kidogo. Kubali, kisha liandike kwa Kiswahili. Liandike refu, kwa lugha ya mkutano wa hadhara: anza na "kwa heshima na taadhima", pitia methali nne, mtaje babu wa mshindi mara mbili bila kusema umemtaja kwa wema au kwa ubaya, lipe vita jina la samaki. Watalipeleka kwenye mashine ya kutafsiri. Mashine itawaambia kwamba ndovu ameomba radhi kwa kikapu. Watakaa kikao cha saa mbili kuamua kama wametukanwa, na wewe saa hizo uko rangi ya mchanga, unanunua ndege. Malizia kwa salamu kwa jamaa wote wa Mombo.